Gamba la jino: Ukuta wenye nyufa usioanguka



Ndugu msomaji, wahenga wametuachia usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo ni wa kweli kwa nyumba, kwa udugu na kwa mambo mengi ya dunia. Hata hivyo, kila mmoja wetu amebeba kinywani mwake ukuta mdogo wenye nyufa tangu ulipojengwa. Ukuta huo hubebeshwa mizigo kila siku, na bado kwa watu wengi husimama miaka 50, 60 na zaidi bila ya kuanguka. Ni lile gamba jeupe na gumu linalolifunika jino kwa nje, ambalo wataalamu huliita enameli.

Katika makala hii tunakusudia kuangalia mambo mawili. La kwanza ni namna gamba hilo linavyouzuia ufa usilipasue jino. La pili ni yale yanayolishinda gamba hilo pamoja na ustadi wote uliomo ndani yake. Tumeyaweka mambo haya pamoja kwa sababu mzazi asiyelijua la kwanza ni mwepesi wa kulipuuza la pili, na mwenye kulipia upuuzi huo huwa ni mtoto.

Ugumu peke yake hautoshi

Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Hata mfupa hauifikii. Kwa uzito, takriban asilimia 96 yake ni madini, na sehemu ndogo iliyobaki ni maji na protini. Madini hayo ni mchanganyiko wa kalisi na fosfeti, nayo ni ya jamii moja na yale yanayochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, kwa ajili ya mbolea. Katika ncha za magego, unene wa gamba hili hufika milimita 2 na nusu hivi, kisha hupungua kuelekea ufizi mpaka likawa jembamba mno.

Msomaji anaweza kudhani kwamba siri yote imo katika ugumu huo. Hebu tuitazame gilasi ya chai. Nayo ni ngumu, lakini ikiponyoka mkononi na kufika sakafuni, mwenye nyumba huchukua ufagio. Tunaona basi kwamba ugumu ni jambo moja na ushupavu ni jambo jingine. Kitu kigumu hukataa kukwaruzwa. Kitu shupavu hukataa kupasuka. Na wataalamu waliopima wamekuta kwamba enameli, ikichukuliwa peke yake, hupasuka kwa wepesi unaokaribiana na ule wa gilasi.

Sasa tuutazame mzigo wake. Magego ya mtu mzima mwenye afya yanaweza kubana kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 50. Kwa nguvu hiyo mtu hutafuna mahindi ya kuchoma, korosho na mfupa wa kuku, na mara nyingine hukutana na kipunje cha mchanga kilichojificha katika wali. Hufanya hivyo kila siku ya uhai wake, na hesabu ya mibano hiyo hufika mamilioni. Je, gilasi gani ingevumilia kazi hiyo japo kwa juma moja? Hapana shaka kuna jambo jingine linalolilinda jino zaidi ya ugumu wake.

Kilichomo chini ya gamba

Kinga ya kwanza ni kile ambacho gamba limelalia. Chini ya enameli kuna sehemu iitwayo dentini. Hiyo ina madini machache zaidi, takriban asilimia 70 kwa uzito, na imechanganyika na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Kwa sababu ya nyuzi hizo, dentini si ngumu kama enameli, lakini ni shupavu kuliko hiyo, nayo hunyumbuka kidogo inapokandamizwa.

Fundi wa vigae anaelewa vyema jambo hili. Kigae kilicholala sawasawa juu ya saruji hubeba kabati zima. Kigae hicho hicho kikiachiwa uwazi chini yake, hupasuka kwa kukanyagwa tu. Tunamwomba msomaji aukumbuke mfano huu, kwani tutaurejea. Aidha, mpaka kati ya enameli na dentini haukunyooka kama mstari wa rula; una mawimbi madogo madogo yanayozishikamanisha sehemu hizo mbili, na ufa unaoteremka kutoka juu kwa kawaida hukomea hapo au karibu na hapo.

Umbo la jino nalo lina sehemu yake katika kinga hii. Vitu vya namna ya enameli huvumilia sana kubanwa, lakini havivumilii kuvutwa. Mwalimu anajua kwamba chaki ikibanwa ncha kwa ncha haina neno, lakini ikipindwa kidogo tu hukatika, kwa kuwa upande mmoja wake umevutwa. Jino limeumbwa kwa namna ambayo tunapotafuna, sehemu kubwa ya nguvu hugeuka kuwa mbano, na mvuto hubaki kuwa mdogo.

Kusukwa kama ukili

Kinga ya pili imo ndani ya gamba lenyewe. Enameli haikumiminwa kama zege, bali imejengwa kwa nguzo nyembamba mno, zilizopangwa kutoka kwenye dentini kuelekea juu. Upana wa nguzo moja ni takriban sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nguzo hiyo kwa mara 10 na zaidi.

Lau nguzo hizo zingekuwa zimenyooka zote upande mmoja, ufa ungepita katikati yake bila ya kizuizi. Kila mpasua kuni anajua kwamba gogo lenye nyuzi zilizonyooka hupasuka kwa pigo moja la shoka, na gogo lenye fundo humchosha mtu mpaka akalitupa pembeni. Katika sehemu ya ndani ya enameli, mafungu ya nguzo hupishana, fungu moja likielekea kushoto na jirani yake kulia, mfano wa chane za ukindu zinavyopishana katika ukili wa mkeka. Yanapokaribia uso wa jino ndipo hunyooka.

Mpishano huo si habari ya jana. Jino likikatwa na kuangaliwa kwa mwanga, huonekana mistari ya weupe na weusi ikifuatana. Mistari hiyo inabeba mpaka leo majina ya watu wawili: John Hunter, tabibu mpasuaji aliyefanya kazi London na kutoa kitabu chake cha meno mwaka 1771, na Mjerumani Schreger aliyeieleza mwaka 1800. Kilichochukua muda mrefu ni kufahamu faida yake. Ufa ukiingia katika ukili huo hulazimika kupinda tena na tena, na kila unapopinda hupoteza sehemu ya nguvu zake, mpaka ukasimama.

Nyufa zinazogawana mzigo

Mwaka 2009, kundi la watafiti, wakiwamo Herzl Chai, Brian Lawn na Peter Lucas, lilitoa matokeo ya majaribio yake katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Walichukua magego ya watu yaliyokwisha kung'olewa, pamoja na magego ya fisi-maji wa baharini, mnyama wa pwani za kaskazini mwa bahari ya Pasifiki ambaye huvunja kwa meno magamba ya kaa na chaza. Umbile la ndani la meno ya mnyama huyo linafanana mno na la meno yetu. Waliyabana meno hayo, kisha wakayakata na kuangalia nyufa zimeanzia wapi.

Waligundua kwamba nyufa nyingi muhimu hazianzii juu, mahali penye kubanwa. Huanzia chini, kwenye mpaka wa dentini, katika sehemu ndogo zenye upungufu wa madini na wingi wa protini. Chini ya hadubini sehemu hizo huonekana kama vishungi vya nyasi vilivyoota kwenye mpaka huo. Vimo katika jino tangu lilipojengwa, na kwa hakika ni udhaifu. Yaani jino zima lenye afya huingia kazini likiwa tayari na mianzo ya nyufa ndani yake.

Kwa nini basi halivunjiki? Watafiti hao walitaja sababu tatu. Kwanza, vishungi hivyo ni vingi na viko jirani, kwa hiyo nguvu inayokuja hugawanyika baina yake. Ufa ulio peke yake hubeba mzigo wote na kukimbia. Ufa wenye majirani hubeba fungu lake tu, kama kamba ya jarife inavyovutwa na watu wengi bila ya mmoja kukatika mkono. Pili, ufa ukianza kupanda hukutana na ule ukili tuliokwisha kuueleza. Tatu, uwazi wa ufa hujazwa taratibu na majimaji yenye protini, yakauziba na kuyashikisha mapande yake. Hapa ndipo tunapoona kwamba ukuta huu, kwa kiasi fulani, huziba nyufa zake wenyewe.

Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 2019, utafiti mwingine ulichapishwa katika jarida la Nature Communications, ukiongozwa na Elia Beniash wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na Pupa Gilbert wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Hawa waliingia ndani ya nguzo yenyewe. Kila nguzo imeundwa kwa maelfu ya fuwele nyembamba za madini, na ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba fuwele za nguzo moja zimelala kwa mwelekeo mmoja. Kwa kutumia miale ya eksirei yenye nguvu, na kuupa kila mwelekeo rangi yake, waliona kwamba sivyo. Fuwele iliyo jirani na mwenziwe hupishana naye kwa pembe ndogo, kuanzia digrii 1 hadi 30.

Walipojaribu jambo hilo kwa kompyuta, ilidhihirika kwamba fuwele zilizolala sawasawa huuachia ufa njia iliyonyooka, na zile zilizopishana kidogo huupotosha ufa njia. Kwa hiyo kinga iko katika kila daraja. Dentini ipo chini, ukili upo katikati, na ndani ya kila nguzo umo upishano mdogo usioonekana kwa macho.

Mtu mzima akisimama mbele ya kioo na kulimulika jino lake la mbele kwa tochi, huenda akaona mistari myembamba ya wima. Nyingi kati ya hizo ni nyufa za gamba zilizokwisha kusimama, na zisipoambatana na maumivu kwa kawaida hazina madhara. Lakini jino likiuma wakati wa kutafuna, au likishtuka kwa maji baridi, hilo ni la kupeleka kwa daktari wa meno wala si la kusubiri.

Mafundi wamekwisha kuondoka

Ndugu msomaji, hapa tunafika kwenye jambo linalozihusu familia moja kwa moja. Mfupa ukivunjika huunga, kwa sababu ndani yake mna seli hai zinazoujenga upya. Enameli haina seli hai. Seli zilizoijenga zilijipanga nje ya jino lilipokuwa bado ndani ya ufizi, zikatandaza takriban sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita kwa siku. Jino linapotokeza kinywani, mafundi hao huwa wamemaliza kazi yao na hupotea, wala hawarudi tena.

Basi kazi hiyo hufanyika lini? Madini ya meno ya utotoni, ambayo jumla yake ni 20, huanza kuwekwa mimba ikiwa na takriban wiki 14. Gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, huanza kujengwa wakati wa kuzaliwa kwake, na taji lake hukamilika akiwa na umri wa miaka 3 hivi. Ukiyaondoa magego ya mwisho, mataji ya meno yote ya kudumu huwa yamekamilika mtoto akiwa na takriban miaka 8. Maana yake ni kwamba gego ambalo mwanao atatafunia akiwa mzee wa miaka 60 lilijengwa akiwa mgongoni na mapajani mwa mama yake.

Kinachowasumbua mafundi hao katika miaka hiyo huacha alama ya kudumu. Utapiamlo na maradhi makali yenye homa vinaweza kuacha vishimo au mistari kwenye meno. Dawa ya tetrasaiklini, akipewa mama mjamzito au mtoto aliye chini ya miaka 8, inaweza kuyabadilisha rangi meno yanayojengwa. Kwa hiyo haifai mzazi kununua dawa dukani kwa kubahatisha.

Katika Bonde la Ufa lipo tatizo jingine. Maji ya baadhi ya visima na mito ya mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, na vilevile sehemu za Nakuru nchini Kenya, yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi kupita kiasi wakati meno yake yanajengwa huota meno ya madoa ya kahawia. Likizidi, gamba huwa na vinyweleo vingi na humeguka kwa urahisi. Kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo huiongeza. Mkaa wa mifupa ni miongoni mwa njia za kuchujia maji hayo, na umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Lipo pia jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania na nchi jirani, mtoto mchanga akipatwa na homa na kuharisha, huambiwa ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye ufizi wake huchokolewa kwa kisu, sindano au chuma kingine. Kinachotolewa hapo si ugonjwa. Ni chipukizi la jino la chonge la utotoni. Watoto wamepoteza maisha kwa kuvuja damu na kwa maambukizi yatokanayo na chuma kichafu, ilhali homa au kuharisha kulikowaleta kukiachwa bila ya tiba. Na aliyepona huenda akaota chonge la kudumu lenye gamba lenye mashimo, au asiliote kabisa, kwa kuwa chipukizi lake nalo liko hapo hapo chini ya lile lililochokolewa. Mtoto mwenye homa na kuharisha apelekwe zahanati haraka, na aendelee kunyonyeshwa na kupewa maji ya chumvichumvi. Bibi, shangazi na jirani mwenye kauli katika nyumba walijue hili, kwani mara nyingi uamuzi huo hautoki kwa mama peke yake.

Adui asiyepasua

Tumeona jinsi gamba hili linavyoushinda ufa. Adui wake mkubwa haji na ufa, huja na tindikali. Fuwele zilizopishana kwa ustadi humpotosha anayepasua, lakini hazimzuii anayeyeyusha. Vijidudu vinavyoishi juu ya meno hula sukari tunayokula na kutoa tindikali, na pale ukali wake unapofika kipimo cha pH 5.5 hivi na kushuka chini, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Soda nyingi za kola zenyewe zina pH inayokaribia 2.5, kabla hata vijidudu havijafanya kazi yao.

Mate ndiyo mlinzi wa jino hapo. Huizimua tindikali na kuyarudisha madini kwenye gamba, mradi yapewe muda. Kwa sababu hiyo, kinachodhuru zaidi ni mara ngapi kwa siku tunakula vitamu kuliko ni kiasi gani tunakula kwa mara moja. Mtoto anayekula kashata yake pamoja na chakula cha mchana ana nafuu kuliko anayenyonya peremende moja baada ya nyingine tangu asubuhi hadi jioni, kwani huyo wa pili hakuyapa mate nafasi. Doa jeupe la mwanzo linaweza kurudishwa na mate yakisaidiwa na dawa ya meno yenye floraidi. Likishakuwa tundu, hakuna wa kulijenga isipokuwa daktari wa meno kwa vifaa vyake.

Tundu hilo likiingia ndani, huila dentini kwa upana zaidi kuliko linavyoonekana juu. Hapo tunaurejea ule mfano wa kigae. Gamba hubaki limesimama juu ya uwazi, na mwenye jino hana habari. Siku moja akitafuna mkate laini, jino hukatika. Husema mkate umemvunja jino, na mkate hauna kosa.

Yaliyo mikononi mwetu

Katika lugha yetu, brashi ya plastiki imerithi jina la mti. Mswaki ni siwaki, na mti wa mswaki, ambao jina lake la kitaalamu ni Salvadora persica, huota katika sehemu kavu za Afrika Mashariki. Bwana Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mno, hata akaeleza kwamba lau si kuchelea kuutia umma katika mashaka angeliuamrisha kwa kila Swala. Aliyezoea siwaki asiiache, ila ahakikishe inafika kwenye magego na upande wa ndani wa meno. Mwenye brashi atumie dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala. Mtoto aliye chini ya miaka 3 humtosha kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, chini ya usimamizi wa mzazi.

Kusukutua katika udhu nako kuna msaada kwa meno, maana maji huondoa mabaki ya vitamu na huzimua tindikali, ingawa hayachukui nafasi ya mswaki. Mtu akishakunywa soda au maji ya ndimu asisukutue tu, bali asubiri nusu saa hivi kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa gamba huwa limelainika na brashi hulikwangua. Katika mwezi wa Ramadhani, baada ya daku watu wengi hurudi kulala, na usingizini mate hupungua sana. Basi asilale mtu na tende au maandazi kwenye meno. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto asilazwe na chupa ya maziwa yenye sukari au chai mdomoni.

Meno hayakuumbwa kufungulia chupa za soda, kukatia waya wala kuvunjia barafu. Nguvu za namna hiyo huliminya jino kutoka upande au kwenye ncha moja, na mpangilio wote tuliousifu haukuwekwa kwa kazi hiyo. Wanaosugua meno kwa mchanga au mkaa wa kusaga wakitafuta weupe wafahamu kwamba wanalikwangua gamba lisilorudi. Na anayesaga meno usingizini amwone daktari, kwani kwa usiku mmoja huweza kuyachosha meno kuliko milo ya siku nzima.

Mafakihi wetu walikipa thamani kiungo hiki kisichoota tena. Diya ya nafsi ni ngamia 100, na diya ya jino moja ni ngamia 5. Na walipozungumzia jino la mtoto ambaye bado hajang'oka meno ya utotoni, walielekeza kusubiri kuona kama litaota jingine. Walilitofautisha jino lenye badala na jino lisilo na badala. Ikiwa jino la jirani likivunjwa lina uzito huo katika sheria, ni uzito gani alionao mzazi juu ya meno 32 ya mwanawe, ambayo hayakuvunjwa na mtu bali yameliwa kidogo kidogo mbele ya macho yake?

Mwaka 2022, wanasayansi wa China na Marekani walieleza katika jarida la Science kwamba wametengeneza kitu kinachoiga enameli, kwa kuzipanga nyuzi nyembamba mno za madini hayo hayo kwa mwelekeo unaokaribia kuwa mmoja. Ni hatua kubwa ya elimu. Lakini kipande kilichotengenezwa maabara hakimrudishii mtoto gamba lililokwisha kuyeyuka kinywani mwake.

Kwa muhtasari, gamba la jino halikuwekwa bila ya nyufa. Limewekwa kwa namna ambayo ufa ukianza haufiki mbali. Kazi hiyo imekwisha kufanywa, na mafundi wake wameondoka. Iliyobaki ni yetu, nayo ni nyepesi kuliko ile: mswaki kabla ya kulala, maji badala ya soda, zahanati badala ya kisu, na kumtazama mtoto mdomoni angalau mara moja kwa juma.

Wabillahi tawfiq.